Mtungi Mweupe na Chai ya Yeyo

Leo nimejivua nguo mbele ya mama mkwe. (Si nguo za mwili. Hizo angalau mtu huziokota akazivaa tena.)

Niacheni niwaeleze polepole, maana mambo mengine hata mimi bado sijayaelewa.

Mnajua niliacha kuuza simu nikaajiriwa katika esteti moja hapa Kitengela. Mtu akiniuliza nafanya nini huko, mimi hujibu, "Nashughulika na maji." Si uongo. Ni vile tu huwa sifafanui ni maji gani. Esteti yetu haijafikiwa na bomba kubwa la maji taka, kwa hivyo tuna mtambo wetu wenyewe nyuma ya nyumba ya mwisho. Kila anayetumia choo, kila anayeoga, kila anayeosha sufuria ya githeri iliyoungua, mzigo wake unakuja kwangu. Kazi yangu ni kuyapokea maji hayo yakiwa vile mnavyojua, na kuyatoa yakiwa yamesafika, yaingie mtaroni na kuteremka mtoni bila kumdhuru mtu wala ng'ombe.

Mama mkwe hakuijua habari hii. Mimi humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Anatoka Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, mahali ambapo watu huamka mapema na punda kutafuta maji. Nilipopata kazi, mke wangu Nashipae alimpigia simu: "Baba Naserian amepata kazi ya maji." Yeyo alifurahi hadi akawatangazia majirani wote kwamba mkwe wake ni mtu wa maji. Huko kwao hicho ni cheo. Sasa mimi ningeanzia wapi kumrekebisha? Mtu mwenye adabu hamtajii mama mkwe habari za choo. Nikanyamaza. Miezi minane nimenyamaza.

Jana akaja kumwona mjukuu, Naserian wetu. Alishuka na mitungi miwili ya maziwa, na kabla hata hajakaa akauliza, "Hiyo maji yako iko wapi nione?"

"Iko huko nyuma, Yeyo. Ni mbali kidogo."

(Ni hatua sitini kutoka jikoni kwangu.)

Angekuja siku nyingine yoyote isingekuwa neno. Lakini leo ndiyo siku ambayo ofisa wa mazingira alikuwa anakuja kutukagua. Mara ya mwisho tulianguka vibaya, na tukapewa nafasi moja ya kujirekebisha. Tukianguka tena, kibali cha kumwaga maji kinaondolewa, na esteti inaanza kuita lori la kunyonya uchafu kila kukicha. Mwenyekiti wetu, Bwana Mutiso, alikuwa amenieleza bila kuzunguka kwamba siku hiyo wa kwanza kunyonywa nje ya esteti nitakuwa mimi.

Ofisa alikuwa ameagiza sampuli ya siku nzima. Haitoshi kuchota maji dakika ile anapofika, kwa sababu wajanja husafisha maji ya dakika ile tu. Unachota jagi moja la maji yanayotoka mtamboni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, unayamimina yote katika mtungi mmoja, na mtungi unakaa mahali penye baridi. Nilianza jana saa tatu asubuhi. Nimechota nikiwa na njaa, nimechota nikiwa na usingizi, nimechota mvua ya manyunyu ikinipiga kichwani. Mtungi wenyewe ni mweupe, wa lita kumi. Kibanda changu cha kazi ni cha mabati na joto lake si la kawaida, kwa hivyo nikauweka jikoni kwangu, chini ya sinki, nikauvika gunia bichi ili upoe. Nilikuwa nimeuandika SAMPULI kwa kalamu nene. Gunia likafunika maandishi. (Hapo ndipo kaburi langu lilipoanza kuchimbwa, na jembe nilikuwa nimelishika mimi.)

Yeyo akauona. "Baba Naserian, hii umevalisha nguo ni nini?"

Ningesema ukweli! Sentensi moja tu! Badala yake nikasema, "Ni maji tu, Yeyo."

Leo asubuhi Nashipae ameondoka mapema kwenda Isinya, kwenye shamba la maua anakofanya kazi. Bomba la nyumbani limekauka tangu juzi, jambo ambalo hapa Kitengela halimshangazi mtu. Jikoni mlikuwa na mitungi miwili ya maji. Wa njano, lita ishirini, maji ya kunywa tuliyonunua kwa lori la bauza, umejaa na kifuniko kimekazwa. Na ule mweupe. Kumbukeni hiyo mitungi miwili, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Kabla ya kutoka nikamwambia Yeyo, "Kuna wageni wa kazi watapita huko nje. Hawataingia ndani."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia ujinga ila anamheshimu aliyeusema.

Wageni wakafika. Mbele alikuwa Madam Halima, ofisa wa mazingira, mama wa Wajir ambaye amefanya kazi Kajiado miaka mingi. Hijabu nyeusi, buti za mpira, faili kwapani. Hacheki ovyo. Nyuma yake alikuja Bwana Mutiso akiwa amevaa suti, kana kwamba maji taka ni bibi harusi.

Nikaanza kuwatembeza. Kwanza wavu wa chuma, unaokamata vitu ambavyo watu hawafai kutupa chooni lakini hutupa: nepi, matambara, na siku moja rimoti ya televisheni. (Mwenyewe hajajitokeza mpaka leo.) Kisha tenki la kutuliza, ambapo mchanga na tope huzama na mafuta huelea. Kisha tenki la hewa. Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka maneno yangu matamu. Kuna mashine inayopuliza hewa kutoka chini, maji yanatokota bila moto, na ndani mna vijidudu ambavyo kazi yake ni kula uchafu kutwa kucha.

"Madam, hawa ndio wafanyakazi wangu," nikasema. "Wakipata hewa, hawaombi hata likizo."

"Na mara ya mwisho walikuwa wapi?" akauliza Madam Halima.

Mara ya mwisho mashine ya hewa ilikuwa imezima na vijidudu vimekufa vyote, nami nikidhani ule ukimya ni amani.

Tukasonga. Tenki la pili la kutuliza, ambapo vijidudu vilivyoshiba huzama chini, na vingine hurudishwa nyuma vikaendelee na kazi. Kidimbwi cha matete. Dawa ya klorini. Halafu mdomo wa bomba, pale maji yanapoingia mtaroni. Leo yalikuwa meupe jamani! Madam Halima akachota kwa glasi, akainua juani, akanusa. Akanigeukia.

"Wewe mwenyewe unaweza kunywa hii?"

Jibu sahihi nalijua. Yeyote wa kazi hii analijua. Maji haya yamesafishwa ili yarudi mtoni salama, hayajatengenezwa ya kunywa. Lakini Bwana Mutiso alikuwa amenitolea macho, na mimi nikitolewa macho huwa naongea kabla ya kufikiri.

"Madam, hii naweza kunywa hata sasa, bila wasiwasi wowote!"

Akaandika kitu kwenye faili. Sikujua ni kizuri au kibaya.

Wakati huo huo nikasikia sauti nyuma yangu. Yeyo! Amesimama kwenye pembe ya nyumba, mtoto mgongoni, shanga zote zimevaliwa.

"Baba Naserian, wageni hawawezi kusimama kwa jua kama mbuzi. Chai iko tayari."

"Yeyo, hawa wana haraka..."

"Takwenya, Yeyo," Madam Halima akamsalimu kwa Kimaasai, na kwa mara ya kwanza leo nikaona meno yake.

"Iko!" Yeyo akaitikia. Mambo yakaisha hapo. Wakaingia ndani wakaniacha nimesimama na glasi.

Chai yenyewe, ndugu zangu, sijawahi kuonja kama ile. Nzito, tamu, ina tangawizi, inashika kwenye mdomo. Yeyo alikuwa anamimina kutoka chupa ya chai kisha anarudi jikoni, maana kwao mama mkwe na mkwe hawazoeani ovyo mezani. Madam Halima akamaliza kikombe, akaongezwa. Bwana Mutiso akaongezwa mara mbili. Mimi pia viwili. Nikaanza kuona kazi yangu imepona, na kwamba kumbe mama mkwe ni baraka.

"Haya," Madam Halima akasema, "lete sampuli niende nayo maabara."

Nikainuka kwa madaha nikaingia jikoni. Yeyo alikuwa ametoka mlangoni kumbembeleza mtoto. Nikainama chini ya sinki.

Hakuna kitu.

Nikatazama huku na huku. Gunia langu limefuliwa na limeanikwa dirishani. Mtungi mweupe umeoshwa, umeng'aa, umeinamishwa kando ya sinki ukauke. Ule wa njano wa maji ya kunywa umejaa vilevile, kifuniko hakijaguswa. Na juu ya jiko kuna sufuria kubwa, ile ya matanga, tupu, yenye majani ya chai chini.

Nikasimama hapo nikajaribu kupiga hesabu. Maji ya kunywa hayajaguswa. Bomba limekauka. Maji ya mtambo yamekwisha. Chai imejaa sufuria ya matanga. Nikarudia hesabu kuanzia mwisho kwenda mwanzo, labda ingetoka tofauti. Ikatoka vilevile. (Sasa hivi sina hakika na hesabu wala na akili.)

Nikampigia Nashipae. Akapokea huku mashine za shamba zikivuma.

"Mama Naserian, haraka! Yeyo akipika chai ya wageni huwa anatoa maji wapi?"

"Maji gani?" akauliza.

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haishiki. Nami nikabaki na hilo swali mkononi. Maji gani! Hata yeye ameingiwa na shaka!

Nikarudi sebuleni. Nilikuwa nimepanga kumwita Bwana Mutiso pembeni nimnong'oneze. Lakini siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Nilipofika mlangoni Yeyo alikuwa amerudi, anammiminia Madam Halima kikombe cha tatu, na Madam anakiinua.

"Msikunywe!"

Sijui nilirukaje. Nilijikuta nimeshika kikombe, chai iko kwenye faili, iko kwenye kochi, iko kwenye kiatu cha mwenyekiti. Wote wananitazama. Mtoto naye ananitazama.

"Kuna nini?" Madam Halima akauliza taratibu.

Na mimi, badala ya kutafuta hata uongo mdogo wa kunivusha, nikafungua mdomo ukweli wote ukamwagika kwa kishindo. "Samahani Madam! Hiyo chai imepikwa na ile sampuli! Imepikwa na maji ya choo! Choo ya esteti yote!"

Bwana Mutiso akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. "Mimi nimekunywa vitatu," akasema, akiwa kama anajiambia mwenyewe. Kisha akatoka mbio. Kupitia dirishani tukamwona nyuma ya ua wa miiba ya kei-apple, amejikunja ndani ya suti, kidole kimeingia kooni.

Madam Halima hakuondoka kitini. "Lakini sasa hivi tu ulikuwa unaweza kunywa bila wasiwasi."

"Wasiwasi umekuja baadaye, Madam."

Ndipo Yeyo akaongea. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Anasema nimeweka nini kwa chai?"

"Maji, Yeyo," nikasema nikiangalia sakafu.

"Maji?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Mimi? Kwa chai ya wageni? Maji?" Akageuka kwa Madam Halima kama anayeshtaki kortini. "Nimetoka Oltepesi na maziwa mitungi miwili. Ng'ombe yangu mwenyewe. Halafu mkwe wangu anasimama mbele ya watu anasema napikia mgeni maji! Kwetu hata adui hatuwezi kumpea chai ya maji!"

Madam Halima akavuta kikombe kilichobaki cha Bwana Mutiso, akakinusa, akacheka. Yule mama asiyecheka! Alicheka mpaka akatoa leso. "Mimi nilijua kutoka kikombe cha kwanza. Hata kwetu Wajir chai ya mgeni ni maziwa peke yake. Hapa hakuna hata tone ya maji."

Nikakaa chini. Mimi ni mtu wa Nyeri. Kwetu chai ni nusu kwa nusu, na mwisho wa mwezi ni maji yanayoyakumbuka maziwa kwa mbali. Nashipae naye alishazoea kupika hivyo tangu tuoane, maziwa yetu yakiwa ya pakiti. Miaka mitatu nimeoa kwa watu wa ng'ombe na haijanipitia akilini kwamba chai inaweza kupikwa bila maji. "Maji gani?" Kumbe mke wangu alikuwa amenijibu vizuri kabisa!

"Basi Yeyo," nikauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "ile maji ya mtungi mweupe ilienda wapi?"

"Choo yako ilikuwa inanuka na wageni wanakuja. Nikamwaga kwa choo. Ile ilibaki nikaosha nayo mtungi na gunia, nikapiga deki." Akanikazia macho. "Si ulisema ni maji tu?"

Sampuli yangu. Jagi kwa jagi, mchana na usiku. Imerudi chooni, imepita wavuni, muda ule iko kwenye tenki la kwanza inajiandaa kusafishwa upya.

"Hiyo maji imerudishwa darasa la kwanza," akasema Madam Halima, akafuta macho. Kisha uso wake ukarudi kazini. "Sikiza. Bila sampuli siwezi kukupitisha. Anza upya sasa hivi. Kesho saa kama hii nakuja. Nikikosa mtungi, naandika barua." Akakung'uta chai kwenye faili, akaandika mstari mmoja. Nilisoma kichwa chini miguu juu: Mhudumu hayaamini maji yake mwenyewe.

Bwana Mutiso aliporudi akiwa ameegemea ukuta na kuambiwa yote yalikuwa maziwa matupu, sikuelewa kama amefurahi au ameumia. Nadhani alikuwa anayahesabu yale maziwa mazuri aliyoyaacha kwenye ua. Hajanisemesha mpaka sasa.

Walipoondoka nikabaki na Yeyo. Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Miezi minane ya kuficha imekwisha kwa sentensi moja, tena niliipiga kelele mwenyewe. Nikangoja aseme anamrudisha Nashipae nyumbani.

"Nipeleke nione," akasema.

Tukaenda zile hatua sitini. Akasimama kwenye tenki la kwanza, akakunja pua, akaendelea. Akatazama lile la hewa likitokota. Alipofika kwenye mdomo wa bomba akachuchumaa, akayaacha maji yapite kwenye vidole.

"Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Na ukanificha?"

"Niliona aibu kukutajia choo."

"Baba Naserian. Nimelea watoto saba, na ndama siwezi kuhesabu. Unafikiri mimi sijui mavi?" Akainuka, akajipangusa mikono kwenye shuka. "Sisi tunafuata maji na punda kutoka asubuhi. Wewe unaitoa kwa choo, inatoka hivi, halafu unaona aibu. Nyinyi watu wa mjini mmechanganyikiwa."

Nawaambia wazi, ningelia kama asingeendelea kuongea.

"Lakini ile ya kusema niliweka maji kwa chai," akasema, "hiyo bado sijakusamehea."

Sasa naandika haya nikiwa nimekaa kwenye jiwe kando ya mtaro, jagi mkononi, nimechota la tatu na bado mengi. Mtungi mweupe uko jikoni, hauna gunia, maandishi yanasomeka kutoka mlangoni. Yeyo ameweka kiti mbele yake na hapiti mtu. Amepigia simu Oltepesi, na nimesikia kwa masikio yangu akimweleza jirani mkwe wake anafanya kazi gani hasa, kwa urefu, kuanzia kwenye wavu. Ameanza kuisimulia vizuri kunishinda.

Tafadhali mkicheka chekeni mkiwa mbali, mwenyekiti anapita karibu na hapa. Na nyinyi mlioa juzi juzi, chukueni hili: ukimficha mama mkwe kazi yako, atakusaidia kuirudia.